Busha, maiti na darasa la udaktari

Mtu wa Chiola, Nachingwea, hahitaji kuelezwa busha ni nini. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa iliyoteswa sana na matende na mabusha, na wanaume wengi wa Nachingwea na Ruangwa wameishi na uvimbe wa busha miaka mingi kabla ya kukubali kisu. Uvimbe huohuo unaeleza vizuri jinsi masomo ya anatomia yalivyobadilika Afrika Mashariki.

Zamani njia ilikuwa moja. Makerere, iliyoanza kufundisha utabibu mwaka 1924, na shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1963, zilifuata desturi ya Uingereza. Mwanafunzi alianza na maiti: akapasua mkono, kifua, tumbo na shingo kwa zamu, akikariri mishipa na misuli. Wagonjwa walikuja baadaye. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo yaliyomlea Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935, akapasua wagonjwa katika hospitali za misheni, kwanza Lulindi na, kuanzia 1949, Mnero, Nachingwea. Alikuja kuwa Waziri wa Afya, 1975 hadi 1980. Kule misheni hapakuwa na bingwa wa kuuliza; alitegemea alichojifunza.

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kiligeuza mambo. Wanafunzi walikaa vikundi vidogo na mwezeshaji, wakapewa tatizo la mgonjwa, wakatafuta wenyewe elimu ya kulitatua. Kozi ndefu ya kupasua maiti ikaachwa. Wakatumia viungo vilivyopasuliwa tayari. Maastricht, Uholanzi, ikafuata 1974. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 kwa mtindo huo, na Makerere ikahamia huko 2003.

Chukua tatizo hili: mkulima wa korosho ana uvimbe kwenye korodani. Ni busha au ngiri? Kikundi kitagundua kwamba korodani hushuka kutoka tumboni kabla ya mtoto kuzaliwa, ikiburuta utando wa tumbo kupitia kinena. Utumbo ukifuata njia hiyo, ni ngiri, na vidole vya daktari haviwezi kufika juu ya uvimbe. Maji yakijaa kwenye utando unaozunguka korodani, ni busha, na kwa kawaida vidole hufika. Anatomia iliyojifunzwa hivyo haisahauliki upesi.

Ila somo hilo halimfundishi mtu shingo wala kwapa. Tatizo lisipoletwa darasani, sehemu yake ya mwili hubaki giza, na hapo ndipo walimu wa anatomia wanapolalamika. Malalamiko yao yana uzito zaidi wilayani kuliko katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mjini daktari asiye na hakika humwita mwenzake. Hospitali ya wilaya hupokea usiku mmoja mama wa kupasuliwa, kidole tumbo na majeruhi wa bodaboda, na huenda daktari ni mmoja. Tatizo la mgonjwa lianzishe somo, lakini saa za meza ya maiti zisipunguzwe kwa jina la mtaala mpya.