Margaret Cho na lafudhi ya mama yake

Kumwigiza mzazi ni mchezo tunaoujua. Mkiwa binamu watupu chumbani, mmoja anaanza kumwiga baba anavyobishana na watu wa benki kwenye simu, na wote mbavu hamna. Sasa aje rafiki wa shule ajaribu hivyohivyo. Kimya. Margaret Cho aliuchukua mchezo huo akaupeleka mpaka televisheni ya Marekani.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1968. Wazazi wake, Wakorea, walikuwa na duka la vitabu mtaa wa Polk, na yeye alianza kupanda jukwaani kuchekesha watu hata miaka 20 hajafika. Aliyewavunja watu mbavu zaidi alikuwa mama yake: lafudhi, uso uliokunjwa, maswali yasiyo na staha. Yaani mama yeyote wa kwetu, ila huyu Mkorea.

Mwaka 1994 shirika la ABC likampa tamthilia yake ya vichekesho, All-American Girl, kuhusu familia ya Kikorea. Familia ya Kiasia kuwa kiini cha tamthilia ya namna hiyo lilikuwa jambo la nadra sana. ABC hiyohiyo ilijaribu mwaka 1976 na Mr. T and Tina, ikafa baada ya vipindi vichache tu. Kwa hiyo unaweza kuelewa mzigo aliobeba binti wa miaka 25.

Mengine tunayajua kwa sababu ameyasimulia mwenyewe. Aliambiwa uso wake ni mpana mno kwa kamera. Akapunguza karibu kilo 14 kwa wiki mbili, figo zikagoma, akalazwa. Halafu eti akaambiwa hana Uasia wa kutosha, akaletewa mtu wa kumfundisha! Binti aliyelelewa na mama yuleyule anayemwigiza kila usiku. (Ukishawahi kusahihishwa Kiswahili chako na mtu aliyekijulia darasani, hapa utacheka kwa uchungu.) Waigizaji waliocheza familia yake walikuwa na asili za Kijapani, Kichina na nyinginezo. Mkorea ni yeye peke yake. Wamarekani wengi wenye asili ya Korea walipotazama, hawakujiona, wakalalamika, na lawama zikamwangukia yeye aliyekuwa mbele ya kamera, si waandishi.

Baadaye upepo ukageuka: sasa Uasia umezidi. Kwenye kipindi cha mwisho familia karibu yote ilikuwa imeondolewa, akabaki bibi tu. Vipindi 19, mwaka 1995 mambo yakaisha. Cho akazama kwenye pombe na dawa.

Mwaka 1999 alirudi New York na onyesho la peke yake, I'm the One That I Want, likawa filamu mwaka uliofuata. Hakuna familia ya kukodi, hakuna mwalimu wa Uasia. Aliisimulia aibu yote, na mama akarudi, lafudhi na uso vilevile. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake bora, kuliko hata Drop Dead Diva aliyoigiza kuanzia 2009 hadi 2014, au Kim Jong-il aliyemwigiza kwenye 30 Rock akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy.

Januari 2015, kwenye Golden Globes, aliigiza afisa wa Korea Kaskazini kwa lafudhi nzito. Mitandaoni wakamwita mbaguzi. Yeye akajibu kwamba damu yake ni ya Kaskazini na Kusini pia, hao ni watu wake, na kuwachekesha watu juu ya watesaji wao ni haki yake. Mwezi uliofuata ABC ikaanza kuonyesha Fresh Off the Boat, tamthilia ya familia ya Kiasia, miaka 20 baada ya ile ya kwake. Siku chache tu, na watazamaji walishaanza kubishana juu ya lafudhi ya mama.