Nukuu, Kielekezi na Marejeo

Mhadhiri anayetaka mwanafunzi ataje alikotoa hoja yake mara nyingi humwambia, “Hapa weka nukuu.” Kauli hiyo imezoeleka hata haisumbui sikio, lakini inasema jambo lisilokusudiwa. Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama alivyoyasema au alivyoyaandika na kuyafunga kwa alama. Mtafiti wa sayansi hufanya hivyo kwa nadra. Makala ya tiba au ya kemia inaweza kutaja vyanzo hamsini isinukuu hata sentensi moja, kwa sababu mwandishi anayaeleza matokeo ya wenzake kwa maneno yake mwenyewe, kisha anaonyesha yalikotoka. Tendo hilo likiitwa nukuu, mwanafunzi anafundishwa kimyakimya kwamba pasipo maneno ya kuazima hapana deni: abadilishe maneno mawili matatu, aziondoe zile alama, basi kamaliza. Atashangaa kwa dhati akiambiwa ameiba. Hoja yangu ni kwamba tunahitaji majina matatu kwa vitu vitatu, na kwamba kimoja kati ya hivyo mpaka sasa kinaishi kwa jina la mwenzake.

Cha kwanza ni nukuu, nayo haina mgogoro. Cha tatu ni maelezo kamili ya chanzo yanayowekwa mwishoni mwa makala, ambayo orodha yake tunaiita marejeo. Nayo si bibliografia, kwani bibliografia huweza kubeba hata vitabu ambavyo mwandishi alivisoma asivitaje. Cha katikati ni ile alama fupi ndani ya matini inayomtuma msomaji kwenye orodha. Hiyo napendekeza tuiite kielekezi. Tuitazame ikifanya kazi. Mwaka 1969 Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania, na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam, walichapisha katika jarida la Physics Education makala kuhusu maji ya moto kuganda mapema kuliko ya baridi. Anayefuata mtindo wa Harvard akilitaja jambo hilo ataandika (Mpemba na Osborne, 1969). Anayefuata mtindo wa Vancouver ataweka namba tu, tuseme [4]. Hakuna aliyenukuu chochote; wote wawili wameelekeza. Mwishoni, kwa mtindo wa Vancouver, ingizo litasomeka hivi: Mpemba EB, Osborne DG. Cool? Phys Educ. 1969;4(3):172–5. Herufi za majina hazifuatwi na nukta, jina la jarida limefupishwa, 4 ni juzuu, 3 ni toleo, na 172–5 ni ukurasa wa 172 hadi wa 175. Anwani ya makala hii ni neno moja lenye alama ya kuuliza, kwa hiyo nukta ambayo kwa kawaida ingefuata anwani haiwekwi. Mwandishi mwenye haraka huiongeza, na mhariri huifuta.

Ukiitazama mitindo hii miwili kwa makini utaona kwamba tofauti yake kubwa imo katika kielekezi. Mengine mengi yanatokana nacho. Kielekezi kikiwa jina na mwaka, orodha hupangwa kwa alfabeti, kwa sababu msomaji anakwenda kutafuta jina. Kikiwa namba, orodha hufuata mpangilio wa vyanzo vilivyojitokeza katika matini, na chanzo hubaki na namba yake kila kinapotajwa tena. Ndiyo maana mwandishi wa Vancouver akihamisha aya moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, namba za makala nzima hutikisika. Sasa mpe mwandishi huyo mwongozo unaosema “panga nukuu kwa namba”. Apange maneno aliyoyanukuu, alama zilizomo ndani, au orodha ya mwisho? Mtindo wa jina na mwaka kwa kawaida hufuatiliwa hadi kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa zuolojia wa Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika andiko kuhusu mayai ya koa (naam, koa, yule mdudu mtelezi wa bustanini). Ule wa namba ulipata jina baada ya wahariri wa majarida ya tiba kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978 ili kukubaliana masharti ya pamoja ya miswada. Masharti yenyewe yalichapishwa mwaka uliofuata.

Wapo watakaosema istilahi mpya ya nini ilhali kurejelea na marejeleo yapo. Kitenzi nakikubali kwa mikono miwili: mwandishi hurejelea chanzo. Tatizo liko kwenye nomino. Tukisema alama ya ndani ni rejeleo, wingi wake ni marejeleo, na vitabu vingi vya Kenya huweka kichwa hichohicho, Marejeleo, juu ya orodha ambayo wachapishaji wa Tanzania huiita Marejeo. Mtajo nao ungependeza, ila walimu wengi wa sarufi huziita alama za mtajo zilezile zinazofunga maneno ya mtu, na hapo tunarudi kwenye nukuu kwa mlango wa nyuma. Kielekezi kitalaumiwa kwa kuwa neno pana, linalofaa hata kwa kibao cha njia panda. Lawama hiyo mimi naiona ni sifa. Kibao si mji, na kielekezi si chanzo. Na palipo na shaka inatosha kusema kielekezi cha chanzo.

Pingamizi zito zaidi ni la wenye kompyuta: Zotero na programu nyingine za aina yake hupanga vielekezi na marejeo kwa mtindo wowote, na baadhi ya majarida sasa hupokea mswada wa kwanza kwa mtindo wowote mradi usichanganywe. Ni kweli, na ni nafuu kubwa. Lakini hata jarida lenye huruma kiasi hicho halisamehi kielekezi kisicho na ingizo mwishoni, wala ingizo ambalo hakuna kielekezi kinacholigusa. Tena programu hupanga kile ilicholishwa. Ina kisanduku cha jina la ukoo na kisanduku cha jina la kwanza, na majina yetu mengi hayakuzaliwa na visanduku hivyo. Shaaban Robert anaishia kuwa Robert, S., chini ya jina la baba yake, na tumezoea. Kwa Muyaka bin Haji mambo ni mabaya zaidi. Diwani yake ilihaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940. Malenga mwenyewe alikuwa amefariki karne moja kabla. Programu iliyoachwa ifanye itakavyo itatoa (Haji, 1940), yaani baba mtu akitunga mashairi zama za Vita Vikuu vya Pili. Zotero inaruhusu jina liandikwe zima katika kisanduku kimoja, nalo litapangwa kwenye M. Mwongozo wa jarida la Kiswahili unapaswa kuliamuru hilo waziwazi, na kueleza kama mwaka wa kwenye kielekezi ni wa mtunzi au wa mhariri wake.