Fallout 3: Matumaini na hofu za mashabiki waliongoja miaka kumi

FALLOUT 3 ni mchezo wa video wa kuigiza wahusika uliotolewa na kampuni ya Bethesda Softworks ya Marekani mnamo Oktoba 28, 2008. Ni nadra mchezo wa aina hii kungojwa kwa hamu kubwa na wakati uo huo kwa hofu kubwa. Toleo la pili lilikuwa limetoka mwaka 1998, na kwa muda wa miaka kumi mashabiki hawakuchoka kuulizia la tatu. Hata hivyo, lilipokaribia kukamilika, walikuwapo waliosema ni heri lisije kabisa kuliko lije likiwa limepotoshwa.

Makala haya yanaeleza asili ya matumaini hayo, chimbuko la hofu hizo, na jinsi kila moja ilivyoamuliwa na wakati.

Dunia iliyogeuka majivu

Hadithi ya Fallout imejengwa juu ya historia ya kubuni. Katika historia hiyo, vita vya nyuklia vilizuka Oktoba 23, 2077 na kumalizika baada ya saa chache, vikiiacha dunia ikiwa magofu. Waliosalimika ni watu waliowahi kuingia katika mahandaki makubwa yaliyochimbwa chini ya ardhi, pamoja na wachache walionusurika juu yake, wengine wao wakiwa wamegeuzwa maumbile na mnururisho.

Kinachoupambanua ulimwengu huu na visa vingine vya kiama ni namna unavyochanganya zama. Kuna roboti zinazozungumza na magari yanayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ilhali muziki, mavazi na mabango ya biashara ni ya Marekani ya miaka ya 1950. Ni kesho kama ilivyowazwa na watu wa zama za Vita Baridi, kisha ikateketezwa na kile kile walichokiogopa.

Mchezo wa kwanza ulitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Interplay ya California, ambayo mwaka 1988 ilikuwa imetengeneza mchezo mwingine, Wasteland, kuhusu jangwa la Marekani baada ya vita vya nyuklia. Kazi ya kuunda Fallout ilianzishwa na Tim Cain, akishirikiana na wenzake wakiwemo Leonard Boyarsky na Jason Anderson.

Ndani ya mchezo huo, mchezaji ni mkazi wa Handaki Nambari 13. Kifaa cha kusafishia maji kimeharibika, naye anapewa siku 150 kutoka nje na kutafuta kingine kabla jamaa zake hawajaangamia kwa kiu. Huutazama ulimwengu kutoka juu, kwa mshazari. Mapigano huendeshwa kwa zamu kama bao au drafti: kila hatua, kila risasi na kila kufungua mkoba hugharimu pointi, na pointi zikiisha, ni zamu ya adui.

Lakini kilichowateka mashabiki zaidi ya vita ni uhuru wa kuchagua, na uzito wa matokeo ya uchaguzi huo. Adui mkuu, kiumbe aitwaye Master, anaweza kuuawa kwa silaha. Anaweza pia kushindwa kwa hoja. Mchezaji aliyekusanya ushahidi humthibitishia kwamba viumbe anaowaunda ili warithi nafasi ya binadamu hawawezi kuzaa, kwa hivyo ndoto yake haina kesho. Baada ya kuuona ukweli huo, Master hujiangamiza mwenyewe. Kwa upande mwingine, mchezaji aliyemchagulia mhusika wake akili kidogo hujikuta hawezi kuunda hata sentensi moja kamili, na wengi anaowakuta humjibu kwa dharau au kwa huruma. Mwishoni, mchezo husimulia hatima ya kila mji kulingana na yale mchezaji aliyoyafanya au aliyoyapuuza.

Ni kwa kigezo hicho cha mwaka 1997 ambapo kila toleo lililofuata lilipimwa.

Njia yenye miiba

Waundaji hao watatu waliondoka Interplay mwaka 1998 na kuanzisha kampuni yao, Troika Games, ambayo ilifungwa mwaka 2005. Fallout 2 ilikamilishwa na kitengo cha Interplay kilichoitwa Black Isle Studios. Baadaye kitengo hicho kilianza kutengeneza toleo la tatu, lililopewa jina la siri la Van Buren. Kufikia wakati huo Interplay ilikuwa imezama katika matatizo ya fedha, na mnamo Desemba 2003 wafanyakazi wa Black Isle waliachishwa kazi na mradi ukafutwa.

Mapema mwaka 2004, Interplay ilitoa Fallout: Brotherhood of Steel, mchezo wa mapigano uliokusudiwa PlayStation 2 na Xbox. Mazungumzo yalipunguzwa, uchaguzi ukafifia, na mahali pa muziki wa kale pakachukuliwa na roki ya makelele. Mashabiki wakongwe waliuchukulia kama tusi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo, kila habari kuhusu Fallout ilipokewa kwa shaka.

Ni katika hali hiyo ambapo, mnamo Julai 2004, Bethesda ilipata leseni ya kutengeneza toleo la tatu. Aprili 2007 iliununua ulimwengu wote wa Fallout kwa dola milioni 5.75. Kazi iliyokuwa imefikiwa chini ya mradi wa Van Buren haikuendelezwa, na waasisi wa mchezo hawakushirikishwa. Mashabiki walijikuta mfano wa wapangaji ambao nyumba imeuzwa wakiwa bado ndani.

Sababu za kutumaini

Hata hivyo, matumaini hayakukosa msingi. Kwanza, Bethesda ilikuwa na fedha na utulivu ambao Interplay haikuwa nao tena. Bila mnunuzi wa aina hiyo, huenda jina la Fallout lingezikwa pamoja na madeni ya mmiliki wake.

Pili, kampuni hiyo ilikuwa bingwa wa kuunda nchi pana ambazo mchezaji huzitalii apendavyo. Michezo yake ya Morrowind, ya mwaka 2002, na Oblivion, ya Machi 2006, ilithibitisha hilo. Wengi walitamani kuyapitia magofu ya Fallout kwa miguu, wakiyaona kwa kimo cha binadamu badala ya kuyaangalia kutoka juu.

Tatu, filamu fupi ya tangazo iliyotolewa Juni 2007 ilionyesha kwamba waundaji wapya waliifahamu ladha ya kale. Ilianza na redio ndani ya basi bovu ikicheza wimbo wa kundi la Ink Spots, kundi lile lile ambalo wimbo wake ulifungua mchezo wa mwaka 1997. Kisha picha ikarudi nyuma polepole hadi Washington iliyobomoka ikaonekana, pamoja na askari aliyevalia deraya. Msimulizi alikuwa mwigizaji Ron Perlman, ambaye sauti yake ilikuwa imefungua matoleo mawili ya kwanza.

Sababu za kuhofu

Hofu ya mashabiki ilifupishwa kwa maneno machache: kwamba mchezo huo ungekuwa "Oblivion yenye bunduki". Kauli hiyo ilibeba malalamiko kadhaa.

La kwanza lilihusu mapigano. Iliposemekana kwamba mchezo ungechezwa kwa macho ya mhusika mwenyewe, wengi waliamini kwamba mfumo wa zamu ulikuwa umekwisha na kwamba wepesi wa kidole ungechukua nafasi ya tafakuri.

La pili lilihusu uandishi. Oblivion ilisifiwa kwa mandhari yake, lakini mazungumzo ya watu wake yalikosolewa kwa kukosa uhai. Aidha, maadui wake walipanda nguvu sambamba na mchezaji popote alipokwenda, hivi kwamba kujiimarisha kulipoteza maana. Mashabiki walijiuliza ikiwa kampuni hiyo ingeweza kuandika adui anayeshindika kwa hoja.

La tatu, na pengine zito kuliko yote, lilihusu maadili ya hadithi. Ilifichuka kwamba mchezaji angepewa silaha iitwayo Fat Man, yenye uwezo wa kurusha mabomu madogo ya nyuklia, na kwamba angeweza kuulipua mji mzima wa Megaton uliojengwa kuzunguka bomu ambalo halijalipuka. Walioutetea mchezo waliona humo kejeli ile ile ya zamani. Waliohofu walisema kwamba hadithi iliyozaliwa kuonya dhidi ya bomu ilikuwa ikigeuzwa kuwa ya kulifanyia bomu mzaha.

Serikali na masoko nayo yalitia neno. Julai 2008 bodi ya uainishaji ya Australia ilikataa kuuidhinisha mchezo kwa sababu ulitumia dawa halisi, mofini. Jina la dawa hiyo likabadilishwa kuwa Med-X, na mabadiliko hayo yakaingizwa katika nakala za nchi zote. Nchini Japani, taifa pekee lililowahi kushambuliwa kwa mabomu ya atomiki, nafasi ya kuulipua mji wa Megaton iliondolewa na silaha ya Fat Man ikapewa jina lingine, kwa kuwa hilo ndilo jina la bomu lililoangushwa Nagasaki mwaka 1945.

Hukumu ya wakati

Mchezo ulipotoka, Bethesda ilitangaza kwamba nakala milioni 4.7 zilikuwa zimesafirishwa kwa wauzaji katika wiki ya kwanza. Mwaka 2009 ulitawazwa mchezo bora wa mwaka katika tuzo za waundaji wa michezo, Game Developers Choice Awards, ambako pia ulishinda tuzo ya uandishi.

Kuhusu mapigano, waundaji chini ya mkurugenzi Todd Howard walitafuta suluhu. Kupitia mtambo ulioitwa V.A.T.S., mchezaji angeweza kuusimamisha wakati, kuchagua kiungo cha adui cha kulenga, na kutumia pointi zake kama zamani. Wapenzi wa zamu hawakuridhika kikamilifu, lakini tafakuri haikufutwa. Kuhusu nguvu za maadui, maeneo mengi yaliwekewa mipaka ya ugumu. Na kuhusu hoja, Rais Eden, ambaye ni kompyuta inayojidai kuitawala Marekani, anaweza kushawishiwa kwa maneno hadi akubali kujiharibu. Waliomkumbuka Master walitambua mwangwi wake.

Hata hivyo, hofu nyingine zilithibitika mwishoni kabisa mwa mchezo. Ili kuuwasha mtambo wa kusafisha maji, lazima mtu aingie katika chumba kilichojaa mnururisho na kufa. Mchezaji anaweza kuwa ameandamana na Fawkes, kiumbe asiyedhurika na mnururisho, lakini akimwomba aingie, Fawkes hukataa na kumwambia kwamba hiyo ni hatima ya mchezaji mwenyewe. Kisha hadithi hukatika. Katika mchezo uliojinadi kwa uhuru wa kuchagua, chaguo lililokuwa dhahiri mno lilikuwa limefungwa. Malalamiko yalikuwa makali, na Mei 2009 Bethesda ilitoa nyongeza ya Broken Steel iliyomruhusu mwandani kuingia na mchezaji kuendelea na safari.

Tukio hilo lina uzito wake. Wapo waliowaona mashabiki kama wazee wanaong'ang'ania ya kale. Lakini kasoro iliyolazimu marekebisho ilikuwa ile ile waliyoionya mapema: kwamba vita na mandhari vingeweza kupendeza huku uchaguzi ukipuuzwa.

Baada ya hapo

Oktoba 2010 mashabiki wakongwe walipata kifuta machozi. Bethesda iliipa kampuni ya Obsidian Entertainment, iliyoanzishwa na watu waliotoka Black Isle, kazi ya kuunda Fallout: New Vegas. Baadhi ya mawazo ya Van Buren, kama vile jeshi la Caesar na bwawa la Hoover, yalifufuka humo.

Hofu za zamani zilirejea mara mbili. Fallout 4, ya Novemba 2015, ilipunguza majibu ya mchezaji hadi manne kwa kila zamu ya mazungumzo. Fallout 76, ya Novemba 2018, ilichezwa na watu wengi kupitia intaneti, na ilipotoka haikuwa na hata binadamu mmoja wa kubuni wa kuzungumza naye. Ilishutumiwa vikali, na binadamu hao wakaongezwa Aprili 2020.

Machi 2021 nyumba iliuzwa tena. Microsoft ilikamilisha ununuzi wa ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Aprili 2024 tamthilia ya televisheni ya Fallout ilianza kuonyeshwa na Amazon, ikawaleta wageni wengi katika michezo ya zamani.

Juni 2022 Howard alisema kwamba Fallout 5 ingefuata baada ya kukamilika kwa The Elder Scrolls VI. Kwa hivyo mashabiki wamo tena katika subira, kama walivyokuwa kabla ya mwaka 2008. Watakapooneshwa tangazo la kwanza, watayastaajabia magofu na kuusikiliza muziki. Kisha watauliza lile walilouliza tangu mwanzo: je, adui atashindika kwa maneno?