Kashuga na Nchi Isiyotulia

Uchungu wa wakazi wa Kashuga, karibu na Mweso wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa nchi yao una historia ndefu. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya Wanyarwanda walime mashamba ya walowezi, katika ardhi ya Wahunde. Sheria ya 1972 ikawapa uraia waliofika kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikawanyang'anya, na hilo ndilo jeraha baya kuliko yote. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianza Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Baadaye Kashuga ikawa na kambi za watu waliokimbia vita, wa makabila mbalimbali. Sheria ya 2004 ilirudisha uraia huo, lakini katika uchaguzi wa Desemba 2023, kwa sababu ya vita, Masisi haikupiga kura.