Husuni Kubwa: Jumba Tuliloliita Ngome

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani,

Nikiwa kidato cha pili hapa Nakwa niliandika katika mtihani kwamba Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa ngome ya vita. Nikapata vema. Niliamini hivyo zaidi ya miaka ishirini, mpaka kazi ya serikali iliponipeleka Kilwa Masoko, nikavuka kwa mashua hadi Kisiwani.

Kweli, jina hilo lenye asili ya Kiarabu maana yake ni ngome. Lakini ni ngome gani yenye bwawa la kuogea la pembe nane? Jumba limekaa juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100, na upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vya ghala. Anayetajwa kulijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, siku ambazo dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu. Hata hivyo ujenzi haukumalizika, na jumba halikukaliwa muda mrefu. Lenye sura ya ngome hasa ni jirani yake, Husuni Ndogo: ukuta mnene wa pande nne, wenye minara.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa iliyotokana na matumbawe hayo hayo kuchomwa. Kilichonishangaza ni wembamba wa vyumba. Sababu ni boriti za mikoko: dari bapa haliwezi kupita urefu wa mti ulioubeba. Sultani mwenye dhahabu alitii mti, sawasawa na babu yangu aliyejenga tembe lake hapa Nakwa, nguzo karibu karibu, udongo juu.

Husuni Kubwa ilichimbuliwa na kupimwa na Neville Chittick kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa yakaingia katika Urithi wa Dunia. Tembe la babu lilianguka nikiwa chuoni. Hakuna aliyelipima, nami nikiwemo. Leo pamelimwa mahindi. Vijana ambao kwao bado lipo tembe, likizo hii chukueni kamba na daftari. Anzeni na urefu wa boriti.