Vivutio vya asili vya Mwankoko na Singida Mjini

Mwankoko ni kata mojawapo ya Manispaa ya Singida katika Mkoa wa Singida, Tanzania ya kati. Wenyeji wake ni hasa Wanyaturu, wakulima na wafugaji wanaojulikana pia kama Warimi. Hakuna hifadhi ya taifa katika eneo hili, na mgeni anayetafuta simba au tembo hatawakuta. Vivutio vyake ni maziwa ya magadi, ndege wa majini na miamba mikubwa ya itale.

Maziwa

Karibu na mji kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Yote mawili ni ya kina kifupi na hayana mto unaotoka. Maji huingia wakati wa mvua, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kisha hupungua kwa kugeuka mvuke tu. Chumvi na magadi yaliyoletwa na vijito hubaki, hivyo maji huwa makali zaidi kadiri kiangazi kinavyoendelea. Baada ya mvua kubwa ziwa huenea juu ya kingo zake. Katika miaka ya ukame huacha ukanda mpana wa tope jeupe. Kwa sababu hiyo picha mbili za ziwa hilohilo zaweza kuonekana kama za mahali tofauti kabisa.

Ndege

Ndege anayevuta watu zaidi ni flamingo, aitwaye pia heroe. Wako wa aina mbili. Heroe mdogo hula viumbe vidogo sana vya rangi ya kijani-buluu vinavyostawi katika maji ya magadi, akichuja maji kwa mdomo uliopinduliwa juu chini. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho. Heroe mkubwa hutafuta wadudu na wanyama wadogo wa topeni.

Heroe hawakai Singida mwaka mzima. Chakula kikipungua huhama, mara nyingi usiku, kwenda maziwa mengine ya Afrika Mashariki. Heroe wadogo wa ukanda huu huzaliana karibu wote katika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kwa hiyo kundi linaloonekana Singidani leo linategemea usalama wa ziwa lililo mbali, na Natron nayo haitoshi bila maziwa kama haya ya kujilisha. Mgeni asiyewakuta asidhani kwamba wametoweka: huenda wamehama tu.

Ndege wengine ni mwari (ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, si msichana wa unyagoni), bata bukini na ndege wengi wadogo watembeao kandokando ya maji. Kwenye miti kavu huonekana cherero, kasuku wadogo wa kijani wanaoruka kwa kelele nyingi.

Miamba

Miamba ya itale imetapakaa mjini na vijijini, mingine ikibebana kana kwamba imepangwa kwa mkono. Udongo uliofunika mawe hayo ulimomonyoka polepole, na yaliyo magumu yakabaki. Pimbi huota jua juu yake asubuhi, na mijusi hujificha katika nyufa.

Maji na matumizi ya ardhi

Maji ya maziwa hayafai kunywewa. Mji hutegemea maji ya chini ya ardhi, na visima virefu vya Mwankoko ni miongoni mwa vyanzo vyake. Baadhi ya maji ya ardhini mkoani yana floridi nyingi, inayoharibu meno ya watoto, kwa hiyo kisima chenye maji mazuri ni mali kubwa. Wakati huohuo mji unakua. Mashamba yanayofika ukingoni huleta udongo ziwani, na maji machafu yakiingia hayana pa kutokea. Hasara hiyo haionekani mapema, kwani ziwa huweza kupendeza kwa macho huku chakula cha heroe kikipungua.

Maeneo ya mbali zaidi

Wanyama wakubwa wako kusini mwa mkoa, katika Pori la Akiba la Rungwa linalopakana na Hifadhi ya Ruaha. Upande wa Itigi kuna vichaka vizito vya aina ya pekee, ambavyo mfano wake hupatikana pia kaskazini mwa Zambia. Sehemu kubwa imekwisha kufyekwa. Asali ya Itigi na Manyoni ina sifa nchini.

Singida iko takriban km 240 kutoka Dodoma kwa barabara ya lami, na barabara nyingine huenda Arusha kupitia Babati. Asubuhi na mapema ni wakati mzuri wa kutazama ndege, kabla ya upepo mkali wa Singida kuanza.