Dawa ya Deni Kulipa, Lakini Kwanza Uliza: Deni la Nani?

Wazee wetu wamelelewa na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mzee wa miaka sabini na tano akiambiwa anadaiwa halali usingizi, kwa kuwa deni kwake ni mzigo anaoogopa kuingia nao kaburini. Wakusanya madeni wanalijua hilo vyema. Ndiyo maana simu ya vitisho ikipigwa kwa kijana hukatwa, lakini ikipigwa kwa mzee hulipwa, hata kama deni lenyewe si lake.

Makala haya ni ya mtoto, mjukuu au jirani anayetaka kumsaidia. Mfano wetu ni Kitengela na mji wa Kajiado, ambako baadhi ya jamaa zetu wa Pwani wamefuata kazi na ploti, kisha wakawaita wazazi wakae nao. Sheria zenyewe ni zile zile hata ukiwa Likoni, Malindi au Ukunda.

Deni lisilo lake hutoka wapi?

Kabla ya kubishana na mtu yeyote, jua chanzo. Mara nyingi ni kimojawapo cha hivi:

1. *Namba yake iliandikwa na mkopaji.* Kijana amechukua mkopo wa simu, akaweka namba ya mama kama mtu wa kupigiwa. Kuwa mtu wa kupigiwa si kuwa mdhamini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, inasema mtu hawezi kushtakiwa kwa deni la mwenzake ila pawe na maandishi aliyoyatia saini.

2. *Laini ilikuwa ya mtu mwingine.* Namba ya simu isiyotumika kwa muda mrefu huuzwa upya. Mzee ananunua laini mpya, kumbe mwenyewe wa kwanza aliacha madeni.

3. *Kitambulisho chake kimetumiwa.* Piga *106# kwenye simu yake uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta asiyoijua, iripoti kwa kampuni ya simu.

4. *Deni ni la marehemu.* Mjane hudaiwa mkopo wa mumewe. Deni la maiti hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha, kabla ya urithi kugawanywa. Ndivyo ilivyo katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, na ndivyo ilivyo katika Sheria ya Urithi ya Kenya. Mjane halilipi kwa fedha zake mwenyewe, isipokuwa kama alitia saini ya udhamini.

5. *Deni lilishalipwa, au limepitwa na muda.* Dai linalotokana na mkataba halipelekwi mahakamani baada ya miaka 6. Lakini angalia: mzee akilipa hata shilingi mia mbili, au akitia saini ya kukiri deni, muda huo huanza kuhesabiwa upya. Hapa nisieleweke vibaya. Sheria inafunga mlango wa mahakama tu. Kama deni ni la kweli, lililobaki ni baina ya mtu na dhamiri yake na Mola wake.

6. *Hakuna deni wala mkopeshaji.* Ni tapeli mwenye simu tu.

Saa ya kwanza

Usianze kwa kumgombeza. "Mama, kwani ulichukua pesa za nani?" ni swali linalomfunga mdomo, na kesho simu ikija atalipa kimyakimya ili asikuaibishe. Kaa naye, mwombe ruhusa ya kusoma ujumbe aliotumiwa, umsikilize mpaka amalize. Mzee ndiye mwenye kesi, na wewe ni msaidizi wake.

Kisha shikeni mambo manne. Msilipe chochote kwa sasa, hata "kidogo cha kuonyesha nia njema". Msimpe anayepiga namba ya kitambulisho, wala tarehe ya kuzaliwa, wala namba ya siri ya M-Pesa. Msifute ujumbe wowote. Na chukueni daftari muandike kila simu: tarehe, saa, namba iliyopiga, jina alilojitambulisha nalo, na maneno aliyosema.

Mfundishe mzee jibu moja la kutoa kila simu ikija: "Mwanangu, mambo ya deni sizungumzi kwa simu. Niletee kwa maandishi." Halafu akate. Hana haja ya kueleza zaidi.

Barua moja inayobadilisha mambo

Katika sheria ya ushahidi ya Kenya, anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Aliyesoma madrasa anaijua kanuni hiyo tangu utotoni: ushahidi ni juu ya mdai. Kwa hiyo mzee hana kazi ya kuthibitisha kwamba hadaiwi. Andikeni barua fupi, aitie saini mwenyewe, na mbaki na nakala:

*"Kwa Meneja. Nimepokea simu na ujumbe kutoka kwenu kuhusu deni la shilingi ____. Silikubali deni hili. Naomba mnipe kwa maandishi: jina la mkopeshaji wa kwanza, nakala ya mkataba wenye saini yangu au rekodi ya mkopo, tarehe na namba ya simu iliyopokea fedha, hesabu ya kiasi kilichokopwa, riba na malipo, na barua inayowapa ninyi mamlaka ya kulikusanya. Hadi mtakapofanya hivyo, msinipigie simu wala msiwapigie jamaa zangu. Namruhusu mwanangu ____ kufuatilia jambo hili kwa niaba yangu."*

Sentensi ya mwisho ni muhimu. Bila idhini ya mzee, kampuni ina haki ya kukataa kuzungumza nawe kuhusu habari zake. Mkopeshaji wa kweli atajibu barua hiyo kwa karatasi, wakati tapeli aghalabu hupotea.

Waliyokatazwa

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutumia vitisho, matusi na njia za unyanyasaji wanapodai. Haziwaruhusu kupekua orodha ya namba katika simu ya mkopaji na kuwapigia watu wake, wala kumtangaza mtandaoni ili aaibike. Benki Kuu huchapisha katika tovuti yake orodha ya wakopeshaji wenye leseni. Anzeni kwa kutazama kama huyo anayepiga simu ana jina humo.

Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayompa mzee haki ya kuuliza namba yake ilipatikana wapi na kutaka ifutwe. Sheria hii ina meno. Mwezi Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, kwa kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Miezi michache kabla, Aprili 2023, mkopeshaji mwingine, Whitepath, alitozwa shilingi milioni 5. Walioanzisha hayo ni watu wa kawaida waliochoka kupigiwa simu wakaandika malalamiko.

Vitisho vya polisi, jela na dalali

"Tutakuja na polisi" ni tishio linalowatetemesha wazee kuliko yote. Deni ni kesi ya madai, si jinai, na si kazi ya polisi kukusanya madeni. Jela ya madeni ipo, lakini haifikiwi ila kwa amri ya mahakama, baada ya hukumu, na baada ya mdaiwa kuitwa kujieleza.

Dalali naye haingii nyumbani kubeba sofa kwa sababu kampuni imemtuma. Awe na leseni na amri ya mahakama. Kwanza huorodhesha mali, kisha hutoa ilani ya siku 7 ili mwenye mali aikomboe. Sheria inalinda nguo, matandiko na vyombo vya kupikia vya familia visichukuliwe.

Karatasi moja tu usiipuuze: samansi halisi ya mahakama. Ikifika, nenda katika afisi za mahakama mjini Kajiado, au mahakama iliyotajwa, ukathibitishe namba ya kesi, na mjibu ndani ya siku zilizoandikwa. Anayenyamaza huhukumiwa bila kusikizwa, na hapo hata deni la uongo hupata nguvu.

Pa kupeleka malalamiko

- *Kampuni yenyewe kwanza*, kwa barua iliyo hapo juu.
- *Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data*, kama namba au habari zake zimetumiwa vibaya. Malalamiko hupokewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90.
- *Benki Kuu ya Kenya*, kama mkopeshaji amevunja kanuni au hana leseni.
- *CRB*, mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Mkikuta mkopo usio wake, pingeni kwa maandishi.
- *Namba 333*, kwa wateja wa Safaricom, kwa kupeleka ujumbe wa utapeli.
- *Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria* au *Kituo cha Sheria*, chenye afisi Nairobi na Mombasa, kama hamna uwezo wa wakili.

Na kama sehemu ya deni ni ya kweli?

Hutokea. Mzee alikopa elfu tatu, sasa anadaiwa elfu kumi na moja. Msikimbie. Takeni hesabu kwa maandishi, kubalianeni juu ya kiasi cha haki na cha kulipika, kisha lipeni kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe. Msitume kamwe kwa namba ya mtu binafsi anayejiita afisa. Mkimaliza, takeni barua ya kuthibitisha deni limekwisha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni. Usimruhusu mtu kukuambia kuwa kudai karatasi ni ukaidi.

Fedha za Inua Jamii kwa wazee ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa wengine hizo ndizo dawa za presha na unga wa wiki mbili. Katiba, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Haki hiyo haijitekelezi yenyewe. Inahitaji mtu mmoja nyumbani mwenye subira ya kukaa naye, kusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, na kuandika barua. Leo jioni mwombe mama au baba akuonyeshe simu yake. Huenda amekuwa akilipa na hakukwambia.